Nguzo Haisamehewi

Kibosho, Moshi
14 Septemba 2024

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, ya mume wangu. Mume wangu! Ndiyo mara ya kwanza ninaliandika neno hilo kwa kalamu, na nimelitazama hapo kwenye karatasi mpaka Thadeus akaniuliza kama nimekwama. Habari za Tabora? Habari za joto, za kuku, za yule jogoo wako anayepigana na kivuli chake? Sisi wazima. Mama mkwe wangu, Mama Salvina, anasema asali uliyoleta harusini ameificha kwenye sanduku la vitenge ili wajukuu wasiione, na kila jioni anakwenda kuangalia kama vitenge vipo.

Shangazi, laiti ungeiona nyumba yetu! Migomba pande zote, kahawa chini yake, na mfereji unaimba nyuma ya jiko mchana kutwa. Asubuhi mawingu yakifunguka, mlima uko pale, umevaa nyeupe kama mimi siku ile kanisani. Unajua kwa nini tulipanda huku kutoka Rau: Thadeus ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho, pamoja na mama aliyemo. Tangu baba mkwe afariki mwezi wa tatu, mama alikuwa peke yake na ng'ombe wake. Tungemwachaje? Thadeus kila akirudi kutoka kuongoza watalii mlimani ananiletea hadithi moja, kwa sababu huko hifadhini hawaruhusiwi kuchuma hata ua. Hadithi ninazo tele, ua sina, na wala silitaki.

Simu huku inakatika kila ninapofika kwenye jambo la maana. Mara ya mwisho ulidhani nimekukatia makusudi, ukasema niandike barua kama watu. Basi ninaandika kama watu. Tumia sanduku la posta la parokia. Barua husubiri hapo mpaka apatikane mtu wa kupanda nazo.

Kazi inaendelea, mtandao tu unasumbua kidogo.

Mwanao anayekupenda, na anayependwa,
Doris


Tabora
9 Oktoba 2024

Doris,

Marahaba, na mumeo pia marahaba. Mimi mzima. Jogoo nimemchinja. Mwambie Mama Salvina asali haiozi ila huibwa, kwa hiyo aendelee kulinda.

Umeniandikia kurasa tatu za mapenzi na mstari mmoja wa kazi. Mimi nimeusoma huo mstari mmoja. "Kidogo" ni kiasi gani? Wewe unafundisha Wazungu Kiswahili kwa kompyuta. Wakikuona wanasoma, wasipokuona wanatafuta mwingine. Mwalimu asiyeonekana ni mwalimu gani?

Nakukumbusha siku ya mahari. Wazee wa Kibosho walinipa kata ya mbege, nikaiweka chini. Nikasema sinywi mpaka waitikie neno langu moja: huyu mtoto, niliyemlea tangu kaka yangu afariki, haachi kazi yake kwa sababu ya ndoa. Wakaitikia wote, na Thadeus wako aliitikia kwa sauti kuliko wote. Ndipo nikanywa. Mimi nimezaliwa Uru, mlima huo huo. Najua migomba inavyoweza kummeza mke wa mtu.

Masista wa hospitali hapa wanatafuta mtu wa mapokezi. Wamekubali kuniwekea nafasi mpaka Pasaka. Pasaka ikifika huna kazi yako, nakuja kukuchukua. Thadeus akiwa anakupenda kama unavyoandika, atakufuata huku afuge nyuki.

Ni mimi shangazi yako,
Dominika


Kibosho, Moshi
10 Novemba 2024

Shangazi wa moyo wangu,

Shikamoo. Mvua za vuli zimeanza, na ng'ombe amezaa ndama jike. Thadeus amempa jina langu. Nilikasirika kidogo, halafu nikaona anavyomkuna shingoni, nikasamehe.

Thadeus afuge nyuki! Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaniuliza, "Shangazi hatanii, eti?" Nikamwambia sijawahi kukuona ukitania.

Basi nikueleze ukweli. Nyumba yetu iko bondeni, netiweki haisomi kabisa. Nilikuwa nafundishia kwenye kona ya barabara chini ya kanisa, nimekaa juu ya jiwe, mwavuli mkononi, kompyuta mapajani, na mbuzi wakipita wananisalimia mbele ya wanafunzi. Mzee mmoja wa Norwe amejua "mbuzi" kabla ya kujua "asante". Tulinunua ruta mjini. Dukani iliwaka taa zote kama mti wa Krismasi. Ilipofika nyumbani ikawasha moja tu, nyekundu. Na ajabu ya Mungu, Shangazi: Thadeus akiwa kambini huko juu karibu na theluji, mtandao anaupata! Ananipigia kwa picha, na mimi huku chini, kwenye jiwe langu, namwona ameganda mdomo wazi. Nampenda hata akiwa ameganda.

Lakini sasa tumeshinda! Alikuja fundi kutoka mjini, Ezra, akazunguka kihamba chetu chote, shamba zima la migomba na kahawa, akatikisa kichwa. "Dada, ninyi mko ndani ya bakuli. Antena lazima iuone mnara uso kwa uso." Akapata mahali pamoja tu panapofaa, kule juu mwisho wa shamba, mpakani na jirani; hatua moja nyuma, mnara unapotea. Juzi amesimamisha nguzo, na jana nimefundisha jioni nzima bila mtu kuganda! Thadeus alirudi kutoka mlimani, akanibeba akanizungusha jikoni, Mama Salvina akapiga kelele kwamba tutamwaga maziwa.

Kwa hiyo waambie masista asante sana.

Mke wa Thadeus, mwalimu anayeonekana,
Doris


Tabora
6 Desemba 2024

Doris mwanangu,

Marahaba. Hongereni kwa ndama. Huku joto limezidi na mimi nimezidi nalo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema nguzo imesimama mpakani. Mpaka wa huko hauna ukuta wala waya, una masale. Wewe umekulia Tabora, kwako yale ni majani ya kijani tu. Kwetu sale ndilo shahidi wa mpaka, na anayeling'oa ni kama amekata ardhi ya mwenzake mchana kweupe. Fundi alichimba wapi? Aling'oa nini? Thadeus alikuwepo, au alikuwa mlimani? Nijibu hayo kwanza, mapenzi yafuate nyuma.

Masista sijawaambia kitu.

Dominika


Kibosho, Moshi
19 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilikaa parokiani Krismasi yote. Ilipofika, nami nikakaa nayo. Sikutaka kukudanganya, na sikutaka kukuambia.

Thadeus alikuwa mlimani. Mama alikuwa sokoni. Fundi aliuliza, "Haya majani niyatoe?" Na mimi, mimi mwenyewe, nikasema toa. Aling'oa mawili.

Jirani yetu wa juu ni Mzee Wenseslaus. Barua yangu ya furaha ilipokuwa inashuka kwenda posta, yeye alikuwa anashuka na nguzo yetu begani. Akailaza mlangoni kama mtu anayerudisha mlevi kwao.

"Shimboni, bibi harusi," akanisalimia. "Baba mkwe wako hajamaliza mwaka kaburini, tayari mnasogeza mpaka?"

Nilitamani mfereji unibebe. Mama Salvina hakunigombeza. Alikata jani la sale, akalifunga fundo, akaniwekea mikononi. "Mpelekee kwa mikono miwili. Sale la kuomba msamaha halikataliwi hata na adui." Nikayapanda upya yale yaliyong'olewa, kisha nikapanda kwa mzee. Alilipokea lile jani, akalichomeka juu ya mlango wake, akanipa hata ndizi mbivu. Nikaona hii ndiyo nafasi. Kihamba chake kiko juu mgongoni mwa kilima, kinauona mnara bila kizuizi, basi nikamwomba nguzo tuisimamishe kwake.

"Binti," akasema, "sale nimelisamehe. Nguzo haisamehewi."

"Lakini mzee wangu, meku, nguzo haitakula kitu chako."

"Hata paka wa jirani alisema hivyo."

Nimerudi kwenye jiwe langu. Shule ya mtandaoni ninayofundishia imenipa mpaka mwisho wa Februari: nipate mtandao wa kuaminika, ama wanafunzi wangu wapewe mwalimu mwingine. Hilo nalo nilikuficha.

Sasa nisikilize, Shangazi, kwa heshima zote. Sirudi Tabora. Ningepewa hospitali nzima nisingerudi. Nikiamka asubuhi nasikia Thadeus anamwimbia ng'ombe kwa sauti mbaya kuliko zote duniani, na siwezi kuibadilisha kwa dirisha la mapokezi. Na kazi yangu siiachi pia. Nataka vyote viwili. Siku ile ulipoweka kata chini mbele ya wazee, ulidhani sikuwa natazama?

Doris


Tabora
8 Februari 2025

Doris,

Marahaba. Unaandika kama marehemu baba yako. Naye alikuwa anasema "kwa heshima zote" kabla ya kukosa heshima.

Basi la Jumatatu ya Pasaka nimeshaliulizia. Chumba chako nimekifagia. Si kwamba nakungoja. Vumbi la Tabora halingoji mtu. Pazia nimebadilisha kwa sababu lile la zamani lilikuwa la zamani.

Huyo mzee usimbembeleze tena. Ukoo wetu tunaomba mara moja. Mara ya pili tunadai. Kama huna cha kudai, kunja nguo zako.

Dominika


Kibosho, Moshi
9 Machi 2025

Shangazi yangu, Shangazi yangu,

Shikamoo! Usamehe mwandiko, viganja vyangu vimejaa malengelenge. Mama mzima, ndama anaruka ovyo, na Thadeus kila jioni ananipaka mafuta mikononi na kubusu kiganja kimoja kimoja, mpaka natamani visipone.

Uliandika kwamba mara ya pili tunadai. Nilikaa na neno hilo juu ya jiwe langu nikilitafuna. Ndipo ikaja siku ya msaragambo wa mfongo. Unaujua mfongo wetu, mfereji unaotoka msituni na kupita kihamba baada ya kihamba. Kila nyumba hutoa mwanaume mmoja kuusafisha, na nyumba isiyotoa hutozwa mbege. Thadeus alikuwa mlimani na wageni. Mama Salvina alishaanza kuchagua ndizi za kutengenezea mbege ya faini. Nikamwambia aziache, nikachukua jembe la mume wangu.

Wanaume waliponiona walisimama wote kama walioona nyoka.

"Thadeus kafa?" akauliza Basili, jirani yetu wa chini.

"Hajafa. Mimi ni nusu yake."

"Basi nenda utuletee nusu yenye misuli!"

Wakacheka. Mzee Wenseslaus hakucheka, maana yeye ndiye mwenyekiti wa mfongo. "Mwanamke akiingia mfongoni maji yanakimbia," akasema.

"Si ndiyo vizuri, meku? Yatafika upesi."

Nikaingia matopeni. Hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenifukuza. Nilichimba kipande cha nyumba yetu chote, mizizi na mawe, na mara mbili nilianguka kwa makalio, Basili akanihesabia kama refa wa ngumi. Nilipomaliza sikuweza kunyoosha mgongo, lakini nilisimama hivyo hivyo.

Baada ya kazi watu hukaa, kata inazunguka, na mwenye neno husema. Kata ikafika kwangu. Shangazi, niliiweka chini.

Basili akanyoosha mkono kuichukua, nikaizuia.

"Mzee Wenseslaus," nikasema, "maji haya yanapita kwako kabla ya kufika kwetu. Umewahi kuyafunga?"

"Mfongo haufungwi."

"Kwa nini? Ardhi si yako?"

"Ardhi ni yangu, maji si yangu. Aliye juu hana maji, ana njia tu. Hata mtoto anajua."

"Basi na mtandao unatoka juu. Sikuombi mtandao, meku, kwa sababu huna. Nadai njia."

Basili alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka kofia ikaanguka matopeni. "Kakunasa, mwenyekiti! Kakunasa na jembe mkononi!" Mzee mwingine akasema ana mjukuu Dar ambaye hajawahi kumwona uso mzima, kila akipigiwa anaona sikio. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, Kichagga tupu, nikawa napata neno moja katika matano.

Mzee Wenseslaus akainua mkono. "Mfongo una zamu," akaniambia. "Una faini. Na asiyesafisha hapati. Nguzo ikisimama kwangu itafuata sheria hizo hizo. Na haitakuwa yako, itakuwa ya mfongo wote."

"Nakubali."

"Na mwakani? Utaleta jembe, au leo ulikuja kwa ajili ya nguzo?"

"Nitaleta hata Thadeus akiwepo."

Akanitazama kuanzia magoti yenye matope mpaka kilemba kilicholegea. "Basi tutakuwa na maji mengi," akasema, "kama yanakimbia hivi."

Ndipo nikanywa.

Nguzo aliikata mwenyewe kutoka kwenye mti wake. Ezra akaja kuifunga antena, na safari hii aliuliza kila jani jina lake kabla ya kuligusa. Kutoka pale juu mtandao unarushwa kushuka kwenye nyumba zetu za bondeni. Ezra alisema hautoshi watu wote kutazama picha kwa wakati mmoja, basi mkutano ukagawa zamu. Jumatano na Ijumaa ni za nyumba yetu. Siku hizo wengine wanatuma meseji tu, na anayefungua mpira kwa siri anatozwa mbege. Basili ameshatozwa.

Niliwaandikia shule na wanafunzi wangu: hapa kwetu mtandao una zamu kama maji, mimi ni wa Jumatano na Ijumaa, siku hizo sikatiki, asiyeweza apewe mwalimu mwingine. Shule ilinung'unika, ikakubali. Yule mzee wa Norwe alinijibu kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Mimi ninaweza Jumatano. Salamu kwa mbuzi."

Na Jumatano ya kwanza, kabla ya wanafunzi, nilimpigia Thadeus kambini. Hakuganda! Nikamwonyesha viganja. Akageuka akaita wapagazi wote, "Njooni mwone mikono ya mke wangu!" Wakaja na vikombe vyao vya chai, kambi nzima ikanisalimia, na mume wangu akalia mbele ya wageni wake bila aibu.

Kwa hiyo, Shangazi, basi la Jumatatu ya Pasaka usilipande kuja kunichukua. Kazi ninayo, mume ninaye, hapa sitoki.

Doris


Tabora
29 Machi 2025

Doris mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti nje uani, kuku wakaacha kula.

Masista nimewaambia nafasi wampe mwingine. Wakauliza kama mwanangu amekataa. Nikasema hajakataa, ana zamu.

Usidhani umenimaliza. Siku mbili hazitoshi kazi, mkutano ujao dai ya tatu. Na kuna jambo moja umelikosea. Umemwahidi yule mzee kwamba mwakani utakwenda tena na jembe, wewe peke yako katikati ya wanaume wote hao. Mwaka wa kwanza wanacheka, mwaka wa pili wanazoea, mwaka wa tatu watasema ni yule tu mke wa Thadeus, ana wazimu wake. Mwanamke mmoja mfongoni ni kioja. Wawili ni desturi.

Nilipokuwa msichana Uru, nilisimama kwenye migomba nikamtazama baba yangu na kaka yangu wakipanda kwenda mfongoni. Niliona rahisi kuuhama mlima mzima kuliko kuuliza kwa nini mimi nibaki.

Masika yataujaza matope tena, naujua. Mwambie mwenyekiti nakuja Jumatatu ya Pasaka na sitamchukua mtu. Anipimie kipande changu. Jembe nakuja nalo, la kuazima silitaki.

Dominika